Kukuza Fuwele ya Kizuia-Kutu na Kuijaribu Dhidi ya Bakteria wa Salfeti: Mwongozo kwa Anayeanza

Wanafunzi wanaoingia maabara kwa ajili ya utafiti wa vizuia-kutu vya kikaboni huja na maswali yaleyale: kwa nini napata unga badala ya fuwele, fuwele iwe na ukubwa gani ndipo ifae kwa eksirei (mionzi inayoonyesha mpangilio wa atomi ndani ya fuwele), kwa nini chupa yangu haikugeuka nyeusi, na kwa nini kipande cha chuma kimeongezeka uzito wakati kilipaswa kupungua. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kutengeneza kampaundi hadi kukokotoa kasi ya kulika kwa chuma. Sharti moja linatangulia mengine yote: usitie kitu kwenye chupa ya bakteria kabla hujajua kwa uhakika kitu hicho ni nini. Asilimia ya ulinzi iliyopimwa kwa unga usiojulikana muundo wake haina thamani, hata ikiandikwa kwa desimali tatu.

Kampaundi ya mfano ni saleni, besi ya Schiff (yaani kampaundi yenye kifungo maradufu cha kaboni na naitrojeni) inayopatikana kwa kuunganisha salisilaldehaidi na ethilenidiamini. Nimeichagua kwa sababu hutengenezwa kwa muda mfupi, ina rangi ya manjano inayoonekana kwa macho, hutoa fuwele bila ukaidi mkubwa, na ina udhaifu mmoja unaomfundisha mwanafunzi mambo mengi: ikikaa majini, hasa penye asidi, huweza kuvunjika na kurudi kuwa vitu vilivyoiunda.

Nadharia inayohitajika ni ndogo. Bakteria wa salfeti, kama Desulfovibrio vulgaris, huishi pasipo oksijeni, hutumia salfeti badala yake, na kutoa haidrojeni salfaidi. Chuma kilichozungukwa nao hufunikwa na tabaka jeusi la salfaidi ya chuma, na chini ya tabaka hilo mara nyingi hutokea vishimo. Mwaka 1934 von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, waliochunguza mabomba ya chuma yaliyofukiwa ardhini Uholanzi, walieleza kwamba bakteria hao huharakisha kulika kwa kula haidrojeni inayojikusanya juu ya chuma. Maelezo hayo hayatoshi tena peke yake, kwa kuwa sasa inafahamika kuwa wapo bakteria wanaochukua elektroni moja kwa moja kutoka kwenye chuma. Kwa anayeanza, jambo la kushika ni kwamba kampaundi inaweza kukinga chuma kwa kujibandika juu yake, au kwa kuua bakteria, au kwa njia zote mbili, na kila dai lina kipimo chake.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kwa kutengeneza na kukuza fuwele: salisilaldehaidi, ethilenidiamini, ethanoli, dikloromethani na heksani, mizani ya kusoma hadi gramu 0.0001, jiko lenye kikorogeo cha sumaku, chupa ndogo za kioo za mililita 5 hadi 20 zilizooshwa na kukaushwa vizuri, pamba safi, bomba za kudondoshea, karatasi ya aluminiamu, kifaa cha kupimia kiwango cha kuyeyuka, na hadubini yenye vichujio viwili vya polaraizi (vinavyopitisha mwanga unaotetemeka kwa mwelekeo mmoja tu).

Kwa jaribio la bakteria: vipande vya chuma cha kaboni vya ukubwa mmoja, msasa hadi namba 600, asetoni, chupa za mililita 125 zenye vizibo vinene vya mpira na vifuniko vya aluminiamu vya kubana, mtungi wa naitrojeni, otoklevi (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu), inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria), mabomba ya sindano, kiyeyushi cha DMSO (dimethili salfoksaidi), vichujio vya mikromita 0.22 vinavyostahimili DMSO, resazurini (rangi inayoonyesha kama oksijeni ipo), sisteini (ya kuondoa oksijeni iliyobaki), na mbegu ya bakteria kutoka kwenye benki ya vimelea inayotambulika. Matope ya bandarini yanaweza kukupa bakteria wa salfeti pia, lakini utakuwa na mchanganyiko usioujua, na jaribio lako halitarudiwa na mtu mwingine.

Kuhusu usalama, vaa miwani na glavu, na fanya kazi ya ethilenidiamini na dikloromethani ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa sababu ya kwanza huunguza ngozi na kuchokoza mapafu, na ya pili mvuke wake ni sumu. Haidrojeni salfaidi ndiyo hatari zaidi. Watu hujiamini kwamba wataisikia kwa harufu yake ya yai viza, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua huzibwa na gesi yenyewe, harufu ikatoweka, na sumu ikabaki. Fungua kila chupa ya bakteria ndani ya kabati, bila kufanya tofauti kwa ile unayodhani haikuota.

Sehemu ya kwanza: kampaundi na fuwele

1. Yeyusha gramu 2.44 za salisilaldehaidi katika mililita 25 za ethanoli, upashe moto taratibu huku ukikoroga. Dondosha gramu 0.60 za ethilenidiamini tone kwa tone. Rangi ya manjano hujitokeza papo hapo na vipande vyembamba vinavyong'aa huanza kuelea. Endelea kupasha moto kwa nusu saa, poza katika barafu, chuja, osha kwa ethanoli baridi kidogo, kisha kausha. Kiasi cha juu kabisa kinachowezekana ni gramu 2.68, ukipata zaidi ya hapo, unga wako bado una ethanoli.

2. Yeyusha tena unga wote katika ethanoli ya moto, kiasi kidogo kinachotosha tu, uache upoe wenyewe mezani, kisha chuja na kukausha. Pima kiwango cha kuyeyuka. Saleni safi huyeyuka kati ya nyuzi 126 na 128 za Selsiasi. Ikianza kulegea mapema na kumaliza kuyeyuka baada ya nyuzi tano au sita, rudia usafishaji. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa unga unaonekana mzuri kwa macho, kisha hulalamika kwamba fuwele haikui. Uchafu kidogo tu hutosha kuziba nyuso za fuwele changa.

3. Chukua miligramu 20 hivi za unga safi, uziyeyushe katika mililita 1 hadi 2 za dikloromethani, kisha pitisha myeyusho huo katika bomba la kudondoshea lililozibwa kwa pamba, uingie kwenye chupa nyingine safi. Kinachochujwa hapa ni vumbi na nyuzi ambazo hukuzioni. Kila chembe ya vumbi ni mahali pa fuwele kuanzia, na wewe unataka fuwele chache kubwa, hutaki maelfu ya fuwele ndogo.

4. Andaa njia tatu kwa wakati mmoja badala ya kungoja moja ishindwe ndipo ujaribu nyingine.

Njia ya kwanza ni ya kuacha kiyeyushi kiondoke polepole: yeyusha sampuli katika ethanoli, funika chupa kwa karatasi ya aluminiamu, itoboe kwa sindano matundu mawili au matatu, uiache. Njia ya pili ni ya matabaka. Dikloromethani ina densiti ya karibu 1.33 na heksani karibu 0.66, kwa hiyo myeyusho wa saleni hukaa chini na heksani huelea juu yake, mradi umeiteremsha polepole ukutani mwa chupa kwa sindano. Ukitazama dhidi ya mwanga utaona mstari unaotetemeka kati ya vimiminika viwili. Mstari huo ukiwepo umefanya vizuri, na pale ndipo fuwele za kwanza zitakapojitokeza baada ya siku chache. Njia ya tatu ni ya mvuke: chupa ndogo isiyo na kifuniko, yenye myeyusho, huwekwa ndani ya chupa kubwa yenye kiyeyushi ambacho sampuli haipendi na ambacho huvukiza kwa urahisi, kisha chupa kubwa hufungwa barabara.

5. Ziweke mahali pasipo mtikisiko wala jua la moja kwa moja, na uziache. Juu ya friji si mahali pazuri, kwa kuwa mota yake hutikisa. Wala kando ya kiyoyozi kinachowaka na kuzimika. Katika miji ya pwani ambako joto la chumba hupanda sana mchana na kushuka usiku umeme wa kiyoyozi unapokatwa, boksi la povu lenye kifuniko hupunguza mabadiliko hayo vya kutosha. Kosa kubwa katika hatua hii ni kuinua chupa kila asubuhi ili kuona kama kuna kitu. Tazama bila kugusa.

6. Fuwele zikionekana, usimwage kimiminika chake. Teka chache pamoja na kimiminika hicho, ziweke kwenye kioo, zifunike mara moja kwa tone la mafuta mazito, kisha zitazame kwenye hadubini kati ya vichujio viwili vya polaraizi vilivyopishana. Zungusha meza ya hadubini. Fuwele moja nzima hung'aa na kuzimika yote kwa pamoja kila baada ya nyuzi 90. Ikiwa upande mmoja unazimika huku mwingine unawaka, hizo ni fuwele mbili zilizoshikana, na kuipeleka kwenye mashine ni kupoteza zamu yako. Ukubwa unaofaa ni milimita 0.1 hadi 0.3 kila upande. Kubwa zaidi hukatwa kwa wembe ndani ya mafuta. Nyembamba kama unywele huhitaji mashine yenye nguvu kubwa.

7. Peleka sampuli kwa mwenye mashine ya eksirei pamoja na karatasi inayotaja fomula unayoitarajia, viyeyushi vyote vilivyotumika, rangi, na kama fuwele huharibika hewani. Vyuo vingi vya kanda yetu havina mashine ya fuwele moja, hivyo sampuli husafirishwa nje ya nchi. Kampuni za usafirishaji hubana sana vimiminika vinavyowaka, kwa hiyo jaribu kwanza kuacha fuwele kadhaa zikauke mezani. Zikibaki angavu kwa siku mbili, zitume kavu ndani ya chupa ndogo yenye pamba. Zikigeuka nyeupe kama chokaa, zina kiyeyushi ndani yake, nawe utafute njia ya viyeyushi vingine kabla ya kutuma chochote.

8. Matokeo yakirudi, usiishie kwenye picha. Fungua faili la CIF, lenye data ya muundo wa fuwele, katika Mercury, programu inayotolewa bure na kituo cha Cambridge kinachohifadhi miundo ya fuwele, ambacho mwaka 2019 hifadhi yake ilipita miundo milioni moja. Angalia mambo manne. Kigezo cha R1, kinachopima tofauti kati ya muundo uliokokotolewa na data iliyopimwa, kwa fuwele nzuri ya kikaboni huwa chini ya asilimia 5. Tahadhari za daraja A, yaani zilizo nzito zaidi, katika ripoti ya checkCIF, programu inayokagua faili la CIF, lazima zijibiwe. Kifungo cha kaboni na naitrojeni cha saleni kinapaswa kukaribia angstromu 1.28 (angstromu moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita), na oksijeni ya fenoli iwe karibu angstromu 2.6 kutoka kwenye naitrojeni, kwa sababu haidrojeni iliyo kati yao imewashikanisha ndani ya molekuli moja. La nne ndilo linalosahauliwa: fuwele moja haiwakilishi gramu mbili za unga ulizo nazo. Iagize Mercury ikokotoe mchoro wa eksirei wa unga kutokana na muundo huo, ulinganishe na mchoro wa unga wako halisi. Vilele vikilingana, una kitu kimoja. Vilele vya ziada vikijitokeza, una umbo la pili la fuwele au uchafu.

Tahadhari moja kuhusu tafsiri. Muundo wa fuwele hukuonyesha molekuli ilivyo katika hali mango. Kusema kwamba molekuli italala vilevile juu ya chuma ndani ya maji kwa sababu imelala hivyo katika fuwele ni kuruka mto kwa hatua moja, na wahakiki wa majarida hulikamata kosa hilo mara moja.

Sehemu ya pili: chuma na bakteria

9. Sugua vipande vya chuma kwa msasa kuanzia wenye chembe kubwa hadi namba 600, vyote kwa mwelekeo mmoja, vioshe kwa maji safi kisha asetoni, vikaushe, pima vipimo vyake na uzito wake hadi gramu 0.0001. Toka hapo vishike kwa koleo tu. Alama ya kidole ni mafuta na chumvi, na kutu huanzia hapo.

10. Tengeneza chakula cha bakteria chenye laktati, salfeti, chumvi za amonia na fosfeti, na dondoo ya hamira, pH ikiwa kati ya 7.0 na 7.5. Fomula nyingi huongeza salfeti ya chuma ili weusi uonekane haraka. Chuma hicho ni kizuri kwa kuhesabu bakteria, lakini katika jaribio la kulika huungana na salfaidi na kubadili tabaka linalofunika kipande chako, kwa hiyo kipunguze au kiondoe. Ongeza resazurini kidogo, chemsha kwa otoklevi kwa nyuzi 121, kisha pitisha naitrojeni kwa dakika 30 hadi 45 na uongeze sisteini. Rangi ya waridi ikitoweka kabisa, oksijeni imekwisha.

11. Yeyusha saleni katika DMSO kwa kiasi cha miligramu 20 kwa mililita na uchuje kwa kichujio cha mikromita 0.22, usiiweke kwenye otoklevi, kwa sababu joto na maji vitaivunja. Mililita 0.25 za myeyusho huo katika mililita 100 hukupa miligramu 50 kwa lita. Saleni huyeyuka kwa shida majini, hivyo tazama chupa vizuri: ukiona wingu la manjano, kiasi ulichoandika kwenye lebo si kiasi kilichomo ndani ya maji.

12. Panga chupa za udhibiti kabla ya chupa za majaribio. Unahitaji, kila moja mara tatu: chuma pasipo bakteria wala saleni, chuma na saleni pasipo bakteria, chuma na bakteria peke yake, chuma, bakteria na DMSO ya kiasi kilekile, na chuma, bakteria na saleni. Chupa ya DMSO si mapambo. Baadhi ya bakteria wa salfeti huweza kuitumia DMSO katika kupumua kwao, na ukitumia ethanoli badala yake hali si bora, kwani Desulfovibrio wengi huila kama chakula. Ongeza pia chupa yenye chuma, bakteria na salisilaldehaidi badala ya saleni, miligramu 45.5 kwa lita, ambacho ndicho kiasi ambacho miligramu 50 za saleni zingetoa kama zingevunjika zote. Salisilaldehaidi yenyewe hudhuru bakteria, na chupa hii ndiyo itakayokuambia kama sifa unazoipa saleni ni zake au ni za kilichobaki baada yake.

13. Ingiza kipande cha chuma kilichosafishwa kwa ethanoli na kukaushwa chini ya naitrojeni, funga, kisha ingiza kwa sindano mililita 1 ya bakteria waliooteshwa siku mbili au tatu kabla. Weka kwenye inkubeta ya nyuzi 30 hadi 37 kwa siku 7 au 14. Andika siku ambayo kila chupa iligeuka nyeusi.

14. Siku ya kufungua, fanya kazi ndani ya kabati. Hesabu bakteria wanaoelea, na uhesabu peke yao wale walioshikamana na chuma kwa kukwangua eneo lililopimwa. Usitosheke na wanaoelea: bakteria walio ndani ya utando wanaoujenga juu ya chuma huvumilia dawa kuliko walio huru, na hao wa utando ndio wanaokaa juu ya bomba.

15. Suuza kipande hadi tabaka jeusi lililolegea liondoke, kisha kisafishe kwa dakika 10 katika myeyusho wa mililita 500 za asidi ya haidrokloriki iliyokolea na gramu 3.5 za heksamini, uliojazwa maji hadi lita 1. Salfaidi ikikutana na asidi hutoa haidrojeni salfaidi, kwa hiyo kazi hii haitoki nje ya kabati, na asidi haimwagwi kamwe ndani ya chupa yenye masalia ya bakteria. Pitisha katika asidi hiyohiyo kipande kipya ambacho hakikuguswa na bakteria. Uzito kitakaopoteza ndio utakaotoa kwenye vingine vyote.

16. Kokotoa kasi ya kulika kwa milimita kwa mwaka: zidisha gramu zilizopotea kwa 87,600, kisha gawanya kwa zao la eneo katika sentimita za mraba, saa za jaribio, na densiti ya chuma, 7.86. Kwa mfano, kipande cha sentimita 2 kwa 2 kwa 0.2 kina eneo la sentimita za mraba 9.6, kikipoteza gramu 0.0120 kwa saa 336, kasi ni milimita 0.041 kwa mwaka. Kisha kitazame kwenye hadubini na upime kina cha vishimo. Kipande kinaweza kupoteza uzito mdogo na bado kikawa na kishimo kimoja ambacho kwenye bomba halisi kingevuja.

Mambo yanapokwenda kombo

Sampuli imetoa mafuta badala ya fuwele: umepoza haraka mno, au myeyusho umekolea mno. Pasha moto tena, ongeza kiyeyushi, uifunge chupa kwa kitambaa ili ipoe polepole.

Umepata unga mwingi usiku mmoja: matundu ya karatasi ni makubwa, au matabaka yalichanganyika wakati wa kumimina. Tumia chupa nyembamba zaidi.

Hakuna kitu baada ya wiki mbili: kwangua ukuta wa ndani wa chupa kwa kijiti cha kioo, au tia chembe moja ya unga wa awali iwe mbegu.

Chupa imerudi kuwa ya waridi: kizibo kimepitisha hewa, mara nyingi kwenye tundu la sindano. Itupe chupa hiyo pamoja na data yake.

Chupa yenye bakteria haikugeuka nyeusi: angalia kwanza umri wa mbegu na pH. Kama uliondoa salfeti ya chuma, weusi unaweza kuonekana juu ya kipande tu. Karatasi ya aseteti ya risasi ikigeuka kahawia au nyeusi mdomoni mwa chupa, bakteria wako hai.

Chupa isiyo na bakteria imegeuka nyeusi: imechafuliwa, na seti yote ya siku hiyo irudiwe.

Kipande kimeongezeka uzito: salfaidi haijatoka yote. Kirudishe kwenye asidi kwa vipindi vifupi, ukipima kila baada ya kipindi, hadi upungufu ulingane na ule wa kipande kipya.

Chupa yenye saleni imelika kuliko isiyo nayo: usilifiche tokeo hili. Linganisha kwanza na chupa ya DMSO. Zikiwa sawa, tatizo ni kiyeyushi. Zikitofautiana, pima saleni iliyobaki kwenye maji kwa spektromita ya mwanga wa urujuanimno, kwa kuwa saleni hushika ioni za chuma kwa nguvu, na kampaundi inayoshika chuma kilichoyeyuka inaweza kukivuta kingine kitoke kwenye kipande.